Rwabe ya Jezi Namba Tisa

Timu yetu ilikuwa na seti moja ya jezi. Kumi na tano, njano ya kiini cha yai, na kwa kifua kulikuwa na uso wa msee flani aliyewania kiti 2013 akaangushwa mbaya sana. Kura zilipigwa tarehe 4 Machi, zikahesabiwa, mheshimiwa mtarajiwa akapanda gari akarudi Nairobi, sisi tukabaki na sura yake. Tulimvaa karibu miaka tatu. Tukifunga bao, anacheka. Tukinyoroshwa sita bila, bado anacheka. Siku moja namba nne wetu alipigwa kiwiko, damu ya pua ikamwagikia mheshimiwa kwa meno, na masapota wakasema hiyo ndiyo mara ya kwanza huyu mtu amewahi kumwagikiwa na shida ya mwananchi.

Jezi zilifuliwa kwa zamu. Gemu ikiisha Sato jioni, mwenye zamu anarundikiwa zote kwa gunia ya sukari, na Jumapili mangware, kabla watu wa kanisa waanze kupita, anashuka nayo Mto Migori, chini kidogo ya daraja. Sabuni ya kipande na jiwe, basi. Kama hujawahi kufua jasho ya wasee kumi na tano, usinibongeshe mambo ya urafiki. Kwa hiyo gunia unasoma watu. Jezi ya winga wetu wa kushoto ilikuwa safi kila wiki, juu huyo akiona beki anakuja alikuwa anaruka kando kama paka ameona maji. Ya sita ilikuwa imeisha kwapa. Ya kapteni ilikuwa na tope mbele na nyuma. Ya kipa ilinuka omena hata ukiisugua mara tatu, juu mathe yake aliuza omena sokoni na yeye ndiye alikuwa anabeba magunia kabla ya shule. Hakuwahi kutushow hiyo stori. Jezi ndiyo ilimchoma.

Mi nilikuwa namba mbili, beki wa kulia. Hadi leo nikishuka stage ya Migori kuna wasee wa nduthi wananiita Mbili, na nina uhakika hawajui jina yenye iko kwa kitambulisho changu. Kipa ni Moja. Kuna msee ako na watoto wawili na shamba ya miwa huko Uriri na bado anaitwa Tano. Akidedi, nadhani tutaandika Tano kwa msalaba.

Tulikuwa mchanganyiko wa mpaka. Wajaluo wengi, Wakuria wawili wa Kehancha, Mkisii mmoja ambaye fathe yake alikuwa na duka ya mabati, na dogo mmoja aliyekulia Sirare, ile upande ya Tanzania, ambaye alikuwa anaomba pasi kwa adabu: "Naomba mpira, tafadhali." Kufikia amalize kuomba, boli imeshapokonywa. Tulimfunza kusema "Lete!" Yeye akatufunza "samahani", neno ambalo wasee wetu hawakuwa nalo kabisa. Mwanzoni tulimcheka. Kufikia mwisho wa mwaka, namba nne, yule mgumu wa kupiga watu viwiko, alikuwa anamkanyaga mtu halafu anamwinua na "samahani sana, ndugu yangu" ya Sirare original. Marefa walichanganyikiwa.

Sasa, hiyo jezi tisa.

Ilikuwa likizo ya Agosti na zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeshafua, jezi zimekauka, zimekunjwa, ziko kwa gunia chini ya kitanda. Usiku kulikuwa na disko matanga boma flani ng'ambo ya mto. Manzi mmoja nilikuwa namdai wakati huo alikuwa ameniambia atakuwepo, na mi sikuwa na nguo ya kupigia luku. Nikafungua gunia. Ningevaa mbili yangu, si ndiyo? Zii. Nani anajua beki wa kulia? Nikavaa tisa. Mwenye tisa alikuwa straika wetu, ameshafunga mabao kumi na moja msimu huo, na watoto walikuwa wanamfuata sokoni.

Nilidunda hadi saa tisa usiku nikiwa msee mwingine. Sitadanganya, nilibambika. Wakati wa kurudi karao wakatokea, kila mtu akahepa njia yake, mi nikaruka fensi ya seng'enge. Jezi ikashikwa begani ikapasuka hadi kwa kidevu cha mheshimiwa. Nilifika home nikaiangalia na tochi ya simu. Hiyo haikuwa ya kushona. Nikafanya kitu ya kifala kabisa: nikaitupa kwa choo ya shimo.

Jumanne mazoezini nikasema maji iliibeba. Wakakubali. Agosti, jo, mto umeshuka hadi ng'ombe wanavuka bila kulowa tumbo, na wakakubali. Straika akasema tu "si mbaya", akaenda kupiga mashuti na shati ya shule.

Jioni kipa akatembea na mi hadi penye njia inagawanyika. Alikuwa msee wa maneno machache. Akasema, "Tisa ilikutoshea fiti ile usiku."

Mi kimya.

"Nilikuwa kwa ile boma. Nilikuwa nabebea mathe debe ya maji kwa jikoni ya wamama." Akarekebisha glovu zake kwa bega. "Sitakuchoma, omera. Hiyo ni yako kusema. Hadi Sato."

Nimepigwa na walimu, nimepigwa na fathe, karao mmoja hapo Isebania aliwahi kunipiga kofi ya bure, na hakuna moja kati ya hizo ilinikaa kama hizo siku nne. Shida ni kwamba hakubadilika. Alinirushia boli vilevile, akaniita "Mbili, panda! Mbili, rudi!" vilevile, tukagawana miwa vilevile. Ningefurahi kama angenitusi. Mtu akikutusi mmelipana. Huyu alikuwa ananikopesha kila siku na hasemi riba ni ngapi.

Sato kabla ya gemu tukashikana mabega duara na nikatoa yote, hadi choo. Kimya kidogo. Halafu namba nne akasema, "Kwa hivyo mheshimiwa amefika constituency yake." Watu wakaanguka na kicheko, hata kocha. Mwenye hakucheka ni straika. Aliniuliza kitu moja tu: kama watu wa matanga walidhani ni yeye. Nikasema ndiyo, wengine. Akatingisha kichwa akaenda kufunga kamba za njumu. Wiki tatu hakunisemesha. Ndani ya uwanja nilikuwa namtumia krosi, anafunga, anakimbia upande ingine.

Hukumu ikaandikwa kwa daftari. Na hapa lazima nieleze hii daftari, juu kama kuna kitu ilinilea baada ya mathe na fathe, ni hiyo.

Ilikuwa daftari ya shule ya kurasa 96, jalada ya bluu, na kipa ndiye aliiweka. Mwalimu aliyekuwa kocha wetu alikuwa na hotuba nyingi za nidhamu, ushirikiano, kujituma, zile maneno zinabandikwa kwa ukuta wa ofisi ya shule. Nilizisahau kabla nitoke uwanjani. Daftari haikuwa na hotuba. Ilikuwa na namba ya jezi, kiasi, na sababu. Sita, mbao, kiraka ya boli. Kumi na moja, soo, alitukana refa. Nne, punch, alikula ndizi ya Saba. Refa wa mtaa alikuwa anadai rwabe kila gemu na kila mtu anatoa ashu au mbao yake. Kama huna, kipa haulizi mbona. Anaandika. Wiki yenye unayo, unalipia yako na ya mwenye hana. Jina yako ikikaa kwa hiyo daftari unajua mambo mbili: uko na deni, na kuna mahali watu wanakungojea Sato hata kama huna kitu.

Yangu ilisoma: Mbili, mia tatu, jezi. Na kufua peke yangu mwezi mzima. Nikalipa soo ya kwanza kwa kukata miwa. Ikabaki rwabe.

Hiyo soo ilinunua tishoti ya njano mitumba. Kwa kifua ilikuwa na maandishi ya familia flani ya Florida iliyokuwa na mkutano wa ukoo, na picha ya mti. Tukapaka tisa kwa mgongo na rangi ya kuandikia mabango ya duka. Straika wetu akamaliza msimu akiwa ndugu wa Wamarekani.

Na tishoti hiyo ndiyo alienda nayo Homa Bay.

Tulialikwa mechi ya kirafiki huko ziwani, Desemba. Tarehe ilibadilishwa mara mbili na hatukuelewa mbona, hadi tulipofika. Wale wasee walikuwa wavuvi wa omena. Omena inavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Taa inaelea juu ya maji, samaki wanaifuata, wavu unawafunika. Mwezi ukiwa mkubwa taa inakuwa kazi bure, mashua zinakaa ufuoni. Basi ratiba yao ya mpira haifuati shule wala wikendi, inafuata mwezi. Mwezi mpevu, wanacheza. Giza, wanalala mchana. Sijawahi kuona ligi ingine inaendeshwa na mbingu.

Tulisafiri kwa lori, tumesimama nyuma, Awendo, Rongo, halafu tukakata kuelekea ziwa. Tukifika Rodi Kopany, penye barabara ya Ndhiwa inachomoka, kapteni akavua kofia. Watu wakauliza ni nini. Akaonyesha na kidevu: huko ndani ni Kanyamwa, kwao Gor. Wengi wanaoimba Gor Mahia stadi ya Nairobi hawajui kwamba huyo alikuwa mtu wa nyama na damu, mganga wa Kanyamwa ambaye wazee walimpa kila aina ya miujiza; mtu wa nyumba ya Ogalo, ndiyo maana ya K'Ogalo. Klabu ilizaliwa 1968 ikachukua jina lake. Fathe hunisimulia 1987 kama ilikuwa jana: sare ya mbili mbili Tunis na Espérance, sare ya moja moja Nairobi, na kombe la Mandela likabaki kwetu kwa mabao ya ugenini. Hadi leo hakuna klabu ingine ya kandanda ya Kenya imebeba kombe la Afrika. Mganga wa kijiji, amekufa zamani, ameunganisha watu ambao hawajawahi kukanyaga Ndhiwa. Tulipita hapo kimya kama tunapita kanisa, isipokuwa dogo wa Sirare aliyeuliza kama huyo Gor alikuwa anacheza namba gani.

Uwanja wao ulikuwa chini ya Got Asego, hatua chache kutoka majini, na gugumaji lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Sheria ya nyumbani tuliambiwa kabla ya filimbi: mwenye kupiga ndiye mwenye kuchota. Ukibutua boli ikaingia ziwani, unaifuata mwenyewe, na kuna kiboko. Sijui kama kiboko ilikuwepo hiyo siku. Najua kwamba mabeki wetu, ambao maisha yao yote walikuwa wakizidiwa wanabutua popote, walijifunza kupiga pasi ndani ya dakika kumi. Kocha alikuwa amejaribu miaka miwili.

Mapumziko nikaona kitu. Namba nane wao alikuwa amelala. Si kupumzika, kulala kabisa, juu ya wavu uliokunjwa, mdomo wazi. Usiku uliopita alikuwa amesaidia jirani kutengeneza injini hadi asubuhi. Beshte yake, winga, alikuwa ameketi kando, amevua jezi yake amemfunika uso, na kwa mkono anafukuza nzi. Hakuna mtu aliambiwa afanye hiyo. Refa akapiga filimbi, yule winga akamgusa bega polepole, akampa maji, akavaa jezi yake. Dakika tano baadaye huyo namba nane akanipiga chobo mbele ya watu wote na kutoa pasi ya bao.

Walituosha tatu moja. Bao yetu ilifungwa na Florida, kichwa, krosi ilitoka kwangu. Na hapo ndipo alikimbia upande wangu. Hakusema kitu, alinishika shingo akanitingisha. Halafu wakatupikia ngege na ugali, sahani kubwa za pamoja, mkono wa mtu wa Migori na wa mtu wa Homa Bay kwa mchuzi mmoja. Wazee wanakumbuka hii yote ikiitwa South Nyanza, wilaya moja, kabla watu wa ramani wapitishe kalamu yao.

Kuna watu wanapenda kusema mpira unaokoa vijana. Mi siendi hapo haraka. Ile nguvu yenye ilikuwa inatutoa nyumbani Sato ndiyo ilitaka kutumaliza. Mwaka uliofuata, Kumi na Moja aliacha shule akaenda Macalder kwa dhahabu. Akarudi wikendi moja na simu mpya na ndula za nguvu. Wiki mbili baadaye Saba akamfuata. Halafu Tano. Hakuna aliyelazimishwa, beshte alikuwa amekwenda, basi. Tulikuwa tumefunzwa kupanda pamoja na kurudi pamoja, na sasa tulikuwa tunashuka mashimo pamoja. Huko unateremka kwa kamba, na dhahabu inashikwa na zebaki, wasee wanaikanda na mikono mitupu kama unga wa chapo. Mpira haukutukataza kwenda. Mpira ndiyo ulitufunza kufuatana.

Kipa alichukua matatu peke yake hadi huko. Alikuwa amebeba daftari. Tano ndiye hunisimulia hii, na akisimulia bado hucheka: ametoka shimoni, amejaa udongo hadi kope, anaona Moja amesimama juani na ile jalada ya bluu kama mtu wa ushuru. "Uko na deni ya refa, gemu nne. Mbao mara nne." Tano akatoa thao nzima. Moja akazii. Akasema daftari hupokea Sato saa tisa uwanjani, na hana chenji. Akazunguka akaenda kutafuta gari. Tano alikuja hiyo Sato, kulipa tu, ati analipa anarudi. Akapewa jezi. Hakurudi Macalder. Saba alirudi baada ya mwezi. Kumi na Moja hakurudi, na sitaandika zaidi kuhusu yeye.

Deni inaweza kuua timu pia. Watu wa Awendo wanajua. SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, ilibeba ligi kuu ya Kenya 2006. Mji wa miwa na vumbi ukazipiku zote za Nairobi. Tulikuwa watoto, na kuna msee mtaani aliapa ng'ombe wake ataitwa Ligi. Halafu 2019 mdhamini wa ligi akajitoa, msoto ukaingia klabu nyingi, SoNy ikashindwa kufika mechi tatu, na kwa sheria ya ligi mechi tatu ni kwaheri. Hiyo siku nilimwona namba sita wetu, ambaye alikuwa anakwea ukuta Awendo kuona SoNy bure, amekaa kwa kibanda cha chai na hataki kuongea. Klabu yenye bajeti ilikosa kufika. Sisi na ashu zetu tulikuwa tunafika. Sijui niseme nini kuhusu hiyo, ni kitu inanisumbua tu.

Kuna mahali walifikiria deni kwa njia ingine kabisa. MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kilichoanza 1987, kiliweka sheria kwamba timu ikisafisha mtaa, kutoa taka kwa mitaro, inapata pointi kwa jedwali ya ligi. Fikiria, unaweza kumaliza juu ya wenye walikufunga, juu uliokota takataka nyingi kuliko wao. Winga wetu yule wa jezi safi angekufa njaa huko.

Sista yangu mdogo alianza kucheza baadaye. Mathe alikataa mwanzoni, si kwa ubaya, ni ile hofu ya mama: msichana jioni uwanjani, nani anamrudisha? Jibu lilikuja lenyewe. Wasichana walikuwa wanarudi kumi na moja pamoja, wanapita boma kwa boma wakiacha mmoja mmoja, na wa mwisho analala kwa wa kabla yake. Mathe alikuwa anasimama mlangoni akiwahesabu kabla ya kuingiza kuku. Oktoba 2024, Junior Starlets walipoenda Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya kufika Kombe lolote la Dunia, hao hao walikuwa wamejaa sebule yetu. Tulipiga Mexico mbili moja. Mathe, ambaye hajui kuotea ni nini, alimtetea refa wa pembeni hadi mwisho.

Na yeye sista ndiye alinionyesha kitu nilikuwa nimesahau. Hao wakiwa watoto hawakucheza boli ya juala kama yetu. Sisi tulikusanya juala, tukazijaza moja ndani ya ingine, tukazungusha kamba ya katani hadi inakuwa ngumu, inadunda kidogo, na ikilowa inakuwa jiwe. Serikali ilipiga marufuku juala tarehe 28 Agosti 2017 na mbinu ikapotea. Wakahamia matambara na soksi. Jaduong' mmoja jirani alituona tukilalamika akatucheka: yeye enzi zake walicheza adhula, fimbo iliyopinda na kiboli cha kuchonga, na hakuna aliyewanunulia kitu. Kila kizazi inajishonea boli yake na kuona ya wengine ni takataka.

Siku hizi Homa Bay kuna stadi ya maana, Raila Odinga Stadium, viti, nyasi. Shabana ya Kisii imewahi kuifanya nyumbani, na 1 Juni 2025 sherehe za Madaraka zilifanyiwa hapo. Nilienda wiki kadhaa baadaye kuona gemu. Tulikaa na wale wavuvi, watatu kati yao. Namba nane sasa ana mashua yake na ananenepa. Winga, yule wa kufukuza nzi, ndiye mshirika wake, nusu kwa nusu. Hawajawahi kuandikiana karatasi.

Moja ni mwenyekiti wa stage ya nduthi hapa Migori. Wasee wanampenda na wanamwogopa kidogo. Kundi lao liko na mfuko wa mazishi, hospitali na faini, na mweka hazina alitaka programu ya simu. Moja akasema sawa, wekeni programu. Yeye anaendelea na daftari. Ni ya tano sasa, lakini ukurasa wa kwanza amenakili madeni ya zamani ambayo hayajalipwa, na nilipomtembelea alinifungulia kwa kidole cha mafuta ya injini. Nne, punch, ndizi. Mbili, rwabe, jezi.

Nimejaribu kulipa. Nilituma M-Pesa 2016 nilipopata mboka ya kwanza, ikarudi. Nilituma nikioa, nikaongeza thao juu, zote zikarudi. Wiki jana nilikuwa Nairobi, kwa mat, mvua, foleni imekauka Mombasa Road, nikakumbuka tu nikatuma tena. Rwabe kamili. Dakika mbili simu ikalia: amerudisha. Chini yake ujumbe:

"Jumapili saa kumi. Tuko kumi. Beki wa kulia hakuna."